Mkate wa Kipimo

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nimekula mkate mbele ya watu. Vipande viwili, vikavu, bila chai — nilitaka kuumaliza upesi kabla sijaogopa. Mama aliacha cherehani yake akaja kusimama mlangoni. Bibi alikaa kwenye kigoda chake cha jikoni, mikono mapajani, akinitazama kama mtu anayemwona mtoto amepanda juu ya paa.

Niandike kwa mpangilio, nisije nikajichanganya. Tangu mwaka jana sili ngano. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetushauri. Aliona damu yangu imepungua tena na tumbo limejaa kama ngoma, akasema tujaribu kuacha mkate, biskuti, tambi, keki, vyote. Tukaacha. Nikapona! Hata mashavu yakaja. Lakini alikuwa anakisia tu. Wiki iliyopita Daktari Bingwa wa matumbo, yule anayekuja hospitali kubwa mara mojamoja, alisema kukisia hakutoshi. Alichora utumbo kwenye karatasi akaeleza polepole. Ndani ya ngano kuna protini inayoitwa gluteni. Mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, mwili wake wenyewe unaushambulia utumbo. Yeye ataingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, atakata kipande kidogo sana cha utumbo, atakitazama. Ila kama sili ngano, utumbo unakuwa umeshapona, na kipimo kitasema sina kitu hata kama ninacho. Kwa hiyo nile. Kila siku, mpaka siku ya kipimo, mwisho wa mwezi ujao. Alirudia mara mbili huku anamtazama Mama: asiruke hata siku moja.

Yaani lazima niumwe kwanza ndipo wajue kama mimi ni mgonjwa.

Na kuna shule. Nimechaguliwa shule ya bweni ya sayansi.  Kule jiko ni moja, sufuria ni moja, na asubuhi wote wanakula mkate. Mama ameshasema: kipimo kikionyesha huna, utakwenda. Kikionyesha unao, utasoma hapa nyumbani, niione sahani yako kwa macho yangu. Kitambaa cha sketi ya shule amekwisha kukikata, lakini hakishoni. Kiko juu ya kabati, kimekunjwa na pini zake.

Sitaki kuwa nao. Basi, nimeandika.


Jumatano, 15 Oktoba

Tumbo.

Nilidhani labda lingechukua wiki. Jana jioni tu lilianza kuvimba, na leo kipindi cha hesabu nilitoka mara tatu. Mara ya tatu mwalimu aliuliza huyu anakwenda wapi. Redio alijibu kwamba nimeitwa ofisini. Redio ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja. Tulimpa jina hilo kwa sababu hazimwi. Baadaye akaniambia nimpe taarifa mapema siku nyingine, uongo wa kushtukiza unamchosha.

Nyumbani nilijifungia bafuni. Sakafu ya saruji ni baridi, ukiweka shavu inasaidia. Bibi alikuja nje ya mlango.

"Mke mwenzangu, upo?"

Ameniita hivyo tangu nikiwa mdogo. Mume wetu ni Babu, ambaye yuko kwenye picha sebuleni na amevaa tai. Kwa kawaida huwa namjibu Bibi kwamba nipo, ninampigia mume wangu pasi, yeye akatafute wa kwake. Leo sikuweza kujibu. Niligonga mlango kwa vidole ajue niko hai. Hakuondoka. Niliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango muda wote.


Ijumaa, 17 Oktoba

Ninakula. Ninaumwa. Ninakwenda shule. Hakuna zaidi.

Hapana, kuna zaidi kidogo. Midomo imechanika pembeni, na nimekuwa mkali kama nyigu. Nilimjibu Mama vibaya aliponiuliza kama nimekula cha jioni. Sikuomba radhi. Nitaomba kesho.


Jumapili, 19 Oktoba

Nimeomba radhi. Mama aliniambia ni tumbo lililosema, siyo mimi.

Leo Bibi ametoa tangazo jikoni. Mkate wa dukani ni hewa na sukari, hauna faida kwa mtu yeyote, mgonjwa wala mzima. Ataoka mwenyewe. Mama alishukuru sana. Huu ni msimu wa sare za shule, meza yake imejaa kola na mifuko ya watoto wa watu, na kukimbilia dukani kila asubuhi kunamchelewesha. Akamwambia Bibi: Mama, utakuwa umenitua mzigo. Bibi akasema mzigo huo ameuona, ndiyo maana.

Jioni nikala wa kwanza. Ameuoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ni mzito, mweupe, unanukia mayai. Unavunjikavunjika ukiushika, na nilipomwuliza mbona haukatiki vizuri, alisema mkate wa nyumbani ndivyo ulivyo, nisiufananishe na wa mashine. Ni mtamu! Nilikula vipande vitatu, kisha nikaingiwa na hofu, nikakaa nikisubiri.


Alhamisi, 23 Oktoba

Nasubiri bado. Maumivu ya wiki ile yalipungua Jumanne, jana yakawa ya kuvizia tu, leo hakuna. Hakuna!

Sitaki kufurahi. Nimekaa darasani nikijikagua kama mtu aliyepoteza funguo: hapa? hapa? Nimebonyeza tumbo chini ya dawati. Nimepanda ngazi za maktaba mbio kuona kama nitapata kizunguzungu. Sikupata. Msimamizi wa maktaba aliniambia nikitaka kukimbia kuna uwanja.


Jumatano, 29 Oktoba

Ninakula mkate kila siku na siumwi. Najiandikia tena nione inavyoonekana: ninakula mkate kila siku na siumwi.

Redio ana maelezo yake. Anasema mwili wangu ulikuwa umesahau ngano, wiki ile ya kwanza ilikuwa ya kufahamiana upya, sasa wamezoeana. Anasema binamu yake alikuwa hivyo na paka. Nilimwambia hiyo siyo sayansi. Akasema sayansi ni nini kama siyo mtu kula na kutazama. Nikamchukia kidogo, maana ndivyo ninavyotaka iwe.

Nyumbani siwezi kutulia. Nafagia pasipo na taka. Bibi aliniambia nikae, namzungushia macho. Nikakaa, nikasimama.


Jumatatu, 3 Novemba

Mama amenipima kiuno leo. Alikuwa amemaliza sare za mtoto wa jirani, akaniita kwa kidole, akanizungushia futi kamba. Akatazama. Akapima tena. Kisha akasema nimeongezeka, itabidi aachie kidogo kwenye mshono.

Aachie kwenye mshono! Hilo ni neno la mtu anayeshona.

 Niliingia chumbani nikaruka pale pale nilipo, kimyakimya, mpaka Bibi akauliza ni nani anatwanga.

Baba alipiga simu kutoka safarini. Anaendesha lori la masafa marefu na mwezi huu hatarudi. Mama alimwambia mtoto anakula mkate na hana neno. Nilisikia sauti yake ikicheka ndani ya simu. Bibi alikuwa akichambua mchele hapo karibu. Hakuinua kichwa.


Ijumaa, 7 Novemba

Nilibaki baada ya kipindi nikamwuliza Mwalimu wa Sayansi kama siliaki inaweza kupona yenyewe. Nilijitahidi niulize kama mtu anayeuliza habari za sayari. Alivua miwani. Alisema kwa anavyojua haiponi. Mtu anapona akiacha ngano, lakini ugonjwa unabaki unamsubiri. Akaongeza kwamba wapo wasioumwa hata wakila, na ndani utumbo unaharibika taratibu. Ndiyo maana kuna kipimo, alisema. Kipimo hakitazami unavyojisikia.

Halafu, kwa kuwa hawezi kujibu swali bila kuonyesha, akatoa unga wa ngano kwenye kabati la maabara. Akakanda donge dogo, akaliacha lipumzike kidogo, kisha akalikamua polepole chini ya bomba. Maji yakawa meupe kama maziwa, yakaenda, yakaenda, mwisho yakawa safi. Mkononi kikabaki kitu cha rangi ya kijivu, kinavutika kama ubani uliotafunwa. Hiyo ndiyo gluteni, akasema. Akaniwekea kiganjani. Nilikivuta, kikarudi.

Ajabu kushika adui na kuona hana hata harufu.

Kwa hiyo kutoumwa siyo jibu. Lakini siyo jibu baya pia. Naweza kuwa sina kabisa. Inawezekana!


Jumatano, 12 Novemba

Sketi imeshonwa upande mmoja. Niliiona kwenye cherehani. 


Jumamosi, 15 Novemba

Bibi amesafiri. Dada yake anaumwa, amekwenda kumtazama kwa siku chache. Kabla ya kuondoka alioka mkate mkubwa akaufunga kwa kitambaa, akaniambia nile huo huo, nisinunue wa dukani, nisile kwa mtu. Alirudi kutoka kizingitini kuniambia tena. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mume wetu nitamtunza. Alicheka nusu.


Jumapili, 16 Novemba

Mkate wa Bibi umechacha katikati! Joto lote hili, na kitambaa kilikuwa na unyevu. Mama aliutazama akautupa, isipokuwa kipande cha pembeni kilichokuwa kizima, nikakihifadhi kwa ajili ya huruma tu. Kisha akatuma mtu dukani. Alisema mkate ni mkate, kipimo hakijui nani ameoka.

Vipande viwili asubuhi, viwili jioni kufidia.


Jumatatu, 17 Novemba

Sikwenda shule. Nilitapika. Tumbo limejaa, siwezi kufunga kifungo cha sketi ya zamani. Kila kitu kimerudi kama kilikuwa nje ya mlango kikisubiri kufunguliwa.

Mama amekaa nami. Anasema labda mkate wa dukani ulikuwa umelala. Anasema labda ni maji. Alisema mambo mengi mengine, akayasema kwa haraka.

Mimi ninawaza jambo moja na silitaki.


Jumanne, 18 Novemba

Nimelifanya.

Mama alikwenda kupeleka sare. Nilichukua kopo la Bibi la unga, lile analoliweka nyuma ya ndoo ya maji. Niliufikicha unga kwa vidole. Mkavu, wa chengachenga kidogo. Nilikanda donge kama Mwalimu alivyofanya. Halikukubali kushikana vizuri. Nililiacha lipumzike, nikalikamua chini ya bomba polepole sana, kwa adabu zote. Maji yakawa meupe. Yakaenda. Yakaenda. Nikafungua kiganja.

Hakuna kitu. Kiganja kitupu, kimelowa.

Nikajiambia nimekosea. Nikanunua unga kidogo wa ngano dukani, nikafanya vilevile, bomba lilelile, mikono ileile. Ikabaki ile ya kijivu, inavutika. Kisha nikakitafuna kile kipande cha pembeni cha mkate wa Bibi, polepole, na nikaujua. Nimeula maisha yangu yote kwenye sahani, uko hivyo hivyo.

Ni mchele.

Bibi amekuwa akinilisha mchele tangu siku ile aliyotoa tangazo. Nimefurahi bure mwezi mzima. Nimerukaruka chumbani kwa sababu ya wali!

Nimesafisha sinki. Nimerudisha kopo mahali pake, nyuma ya ndoo. Sijui nimemkasirikia nani. Nimezunguka chumba mpaka miguu imechoka.


Jumatano, 19 Novemba

Mambo ninayojua. Kipimo ni Jumanne ijayo. Siku chache za mkate wa dukani hazitoshi. Daktari alisema mwili unahitaji wiki kadhaa. Kwa hiyo kipimo kikifanyika sasa kinaweza kusema sina kitu. Mama atamaliza sketi. Nitakwenda shule.

Nikisema, watakiahirisha. Daktari Bingwa harudi hapa mpaka mwisho wa Januari, na shule inafunguliwa mwanzoni mwa Januari. Nafasi yangu watampa mwingine. Nitaanza tena kula mkate na kulala bafuni, halafu kipimo kitasema ninao, na Mama atanibakiza nyumbani.

Na Bibi! Mama hajawahi kumpandishia Bibi sauti. Ni mkwe wake. Anamwita Mama, anampisha kiti. Sijui angeanzia wapi.

Nimemwambia Redio. Alinyamaza, na hilo peke yake linatisha. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mimi sijadanganya mtu, nimekula nilichopewa. Akasema angekuwa mimi angefunga mdomo, na nikifika shule niwe nawapa wengine mkate wangu, nitapendwa. Nilimwuliza na tambi? Na mchuzi uliotiwa unga ili uwe mzito? Na mwiko uleule unaochota vyote? Akasema basi sijui.


Alhamisi, 20 Novemba

Bibi amerudi. Dada yake hajambo. Aliniletea ndizi. Aliweka mzigo chini, akanitazama usoni, na nadhani alijua hapo hapo, maana mimi uso wangu hausitiri kitu.

Nilisubiri Mama aanze kushona. Cherehani ikiunguruma huwezi kusikia jikoni.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalipotea. Nikasema, "Bibi, unga wako niliuosha. Haukubaki kitu."

Alikuwa akimenya ndizi. Aliimenya mpaka mwisho. Akasema, "Ni mchele. Na mayai. Ulikuwa mbaya?"

Nikasema ulikuwa mtamu. Ndipo nikalia, jambo ambalo sikulipanga.

Nilimwambia Daktari alieleza, na yeye alikuwepo nilipokuwa nawaeleza. Akasema alisikia. Daktari ana kazi yake na hamlaumu. Lakini alisimama nje ya mlango ule wa bafuni, akanisikia nikigonga kwa vidole kwa sababu siwezi kusema, na akajua hataweza. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia humu ndani.

Nilijua Baba alikuwa na dada aliyekufa mdogo. Hatajwi, nami sikuwahi kuuliza. Bibi alisema tumbo lake lilikuwa hivi, akaonyesha kwa mikono yote miwili, na miguu kama njiti. Alikuwa akiharisha kila siku. Watu wenye nia njema walimshauri Bibi ampe uji wa ngano, apate nguvu. Akampa, asubuhi na jioni. Mtoto alikuwa akiona bakuli anageuza uso ukutani.

"Nikamshika pua ameze," Bibi alisema. "Mkono huu hapa. Sasa mkono huu huu ukulishe na wewe?"

Cherehani ilinyamaza kidogo, tukanyamaza nayo. Ikaanza tena.

Hakulia. Alikusanya maganda akayaweka pamoja, akayapanga kama vijiko. Akaniomba jambo moja: nisimwambie Mama mpaka niwe nimekwenda shule. Alisema nikipata shule, nani amepoteza nini? Huko nitaacha mkate tu, nani atanishika pua. Alilisema kwa matumaini kabisa. Nikaona kwamba kwake hii ndiyo hesabu nzima: mtoto haumwi, mtoto anasoma.

Sikumwahidi. Sikukataa pia. Nilikula ndizi.


Jumamosi, 22 Novemba

Sketi imekamilika. Nimeijaribu mbele ya kioo cha kabati. Mikunjo imelala sawasawa, yote inaelekea upande mmoja. Mama alipiga magoti akikagua pindo, pini mdomoni, akasema hivi hivi huku ameuma pini kwamba yeye mwenyewe alipenda kusoma zaidi ila hakupata wa kumpeleka. Hajawahi kuniambia hilo. Akaniambia nigeuke. Nikageuka.

 

Kwenye meza Bibi ameniwekea mkate wa dukani, safari hii, na akatoka nje wakati nakula.


Jumapili, 23 Novemba

Sijatulia hata dakika. Nimepanga vitabu kwa urefu, kisha kwa somo, kisha kwa urefu tena. Redio alikuja, akanitazama, akasema anakwenda nyumbani, namtia kichefuchefu.

Nawaza hivi. Kama sina ugonjwa, kipimo cha kweli kitasema sina, sasa au Januari. Kama ninao, ninao hata karatasi ikiandika vingine. Nitakuwa nao nikiwa nimevaa ile sketi. Nitakuwa nao maabara, nikikamua unga chini ya bomba na wenzangu. Karatasi ya uongo itakwenda nami kila mahali, na kila daktari atakayeisoma atasema kula tu, huna kitu.

Nikiwaza hivyo mambo yote yananyooka. Halafu namwona Bibi anakunja nguo uani, na yanapinda tena.


Jumatatu, 24 Novemba

Kesho. Nimeambiwa nisile baada ya chakula cha jioni.

Bibi amesema naye atakwenda hospitali. Mama alishangaa, akamwambia ni foleni tu, Mama, utachoka, viti ni vya plastiki. Bibi amesema mgongo wake unajua viti vyote. Amepiga rangi viatu vyake vya kutokea.

Sijui anakwenda kunilinda au kunichunga.


Jumanne, 25 Novemba

Niko hospitali, kwenye benchi la viti vya bluu vilivyounganishwa. Mtu wa mwisho akihama, wote tunatikisika. Ukutani kuna tangazo la kunawa mikono. Njaa inauma, lakini ni njaa ya kawaida, nikiilinganisha na ile nyingine naipenda.

Naandika upesi. Imetokea hivi.

Mama alikwenda dirishani kuchukua faili langu. Tulibaki mimi na Bibi. Akaja muuguzi mwenye kalamu sikioni, akauliza maswali harakaharaka bila kunitazama. Nimekula asubuhi? Hapana. Kuna dawa inayonidhuru? Hapana. Nimekula ngano kipindi chote kama nilivyoagizwa?

Alikuwa ameshaanza kuweka alama ya ndiyo. Niliona kalamu inashuka.

Nikasema, "Naomba kumwona Daktari kwanza, kabla sijalala pale."

Akaniambia kila mtoto anaogopa, nitachomwa sindano nisinzie, nikiamka imekwisha. Nikasema siogopi. Hapo akanitazama. Akamtazama Bibi. Akaingia ndani.

Sikumgeukia Bibi. Niliona mikono yake tu, imeshika mkoba. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nilitaka pia kumwambia sitaji jina lake, nitasema nilikuwa nautupa mkate mwenyewe. Nilikuwa nimelifikiria hilo njia nzima, lilikuwa limeshapangika, uongo mdogo, mzuri, na hata Redio angeupitisha.

Mama akarudi na faili. Akauliza kuna nini. Nikasema nataka kumwuliza Daktari swali. Akasema si uniulize mimi. Ndipo mlango ukafunguliwa, Daktari Bingwa akatoka na aproni ya kijani, akauliza ni nani aliyeomba kumwona.

Bibi alisimama kabla yangu. Alishika kiti cha mbele, akanyooka.

"Ni mimi," alisema.

Mama akamwambia kwa upole akae, anayeitwa ni mtoto. Bibi akamwambia, "Niache, mwanangu. Yangu yanatangulia." Akanipa mkoba nimshikie. Daktari alimpisha mlangoni kama anampisha mtu mkubwa serikalini. Mlango ukafungwa.

Sasa tumekaa wawili. Kuna kioo chenye ukungu mlangoni, kivuli cha Bibi kinaonekana. Ameonyesha kitu kwa mikono yote miwili, upana wa kitu. Najua ni nini. Daktari amekaa chini, kivuli chake kimekuwa kifupi, na naona mkono wake unaandika.

Mama ameniuliza Bibi anasema nini mle ndani. Nimeendelea kuandika.

Ameuliza tena. Safari hii hakuuliza kuhusu Bibi. Ameuliza kama kuna kitu mimi ninakijua na yeye hakijui. Faili liko mapajani mwake, limefungwa, amelaza mikono juu yake.

Nimesema ndiyo.

Nilidhani atanipokonya kalamu. Amesema hana haraka, nimalize kwanza ninachoandika.